Tahadhari ya Jumatatu

Shule ya Sekondari Iwambala haikuwa na mlinzi langoni. Ilikuwa na kinusapumzi, mashine yenye shingo ndefu kama ya korongo, iliyomwinamia kila aliyeingia na kuonja hewa ya puani mwake kutafuta homa ya mapafu iliyokuwa ikienea. Lakini homa hiyo ilijificha mwilini siku kadhaa kabla mashine haijaibaini. Kwa hiyo kila mtu alivaa bangili-onyo, iliyokumbuka wote aliokaa nao karibu. Mmoja wao akiugua, bangili ilitetemeka na kumwamuru mvaaji ajitenge.

Mitetemo ilipovuruga vipindi, walimu walikubaliana kikaoni kwamba tahadhari zote zipite kwanza kwa Mkuu wa Shule, naye awaite wahusika faraghani. Mwalimu Tunsume wa fizikia ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alimwamini Mkuu. Mkuu huyo, Mwalimu Kapembe, alikuwa mtu wa kukushika mkono akakusalimia, akaulizia nyumba nzima, mpaka chai ikapoa. Wiki hii tu alikuwa akimpungia kwa mbali, na Tunsume alidhani mitihani imemchosha.

Alhamisi alfajiri mama yake Tunsume aliamka akihema kwa shida. Mapafu ya bibi huyo yalikuwa yamechakaa kwa moshi wa tanuri za matofali. Hospitalini daktari alimpima Tunsume pia, akamtazama.

"Homa hii unayo na wewe. Bangili haikukuonya?"

Tunsume alikwenda shuleni, akasimama nje ya dirisha la ofisi, barakoa usoni. Ndani, karani-chuma, roboti iliyotunza kumbukumbu, iligeuza kichwa.

"Karani, nisomee tahadhari zangu."

"Ipo moja," roboti ilijibu. "Jumatatu, saa nne na dakika kumi. Jitenge mara moja. Imezuiwa na Mkuu wa Shule."

Mwalimu Kapembe, aliyekuwa mezani pake, alivua miwani.

"Mwalimu, nielewe. Kidato cha nne wanaanza mtihani Jumatatu ijayo. Fizikia nina nani mwingine?"

"Siku tatu, Mkuu! Siku tatu nimemlisha mama kwa mkono wangu. Ningejua, ningemwita dada aje amtunze."

"Tahadhari nyingi hazina ukweli, unajua mwenyewe. Niliamini u mzima."

"Uliamini?"

"Haki ya Mungu."

"Basi kwa nini tangu Jumatatu hujanipa mkono?"

Mikono miwili ya Kapembe iliteleza taratibu kutoka mezani, ikapotea chini.

Karani-chuma, isiyojua aibu ya wanadamu, iliuliza kwa sauti yake ileile ya upole:

"Mkuu, tahadhari hii iendelee kuzuiwa? Na hizi nyingine kumi na moja?"