Kanga Iliyokosewa Ngeli

Maiti ilikuwa imefunikwa kanga mbichi. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, na Inspekta Isidori Komba alipoiinua kwa ncha za vidole, maneno ya kanga yalibaki shavuni mwa marehemu, yamegeuka nyuma mbele.

"Lipigeni picha hilo shavu kabla hamjagusa kitu," alisema.

Marehemu alikuwa Fikirini Sudi, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, mtunzi wa yale maneno ya kwenye kanga. Alikuwa amelala chali katika karakana ya uani, nyuma ya duka la Chandu, Mtaa wa Uhuru. Humo sampuli za kanga huchapwa kwa mkono, kwa fremu, kabla ya kazi kupelekwa kiwandani. Jeraha lilikuwa kisogoni. Chini ya meza kilipatikana chuma cha kukandamizia kitambaa, kikiwa na damu na nywele. Daktari alikadiria kwamba kifo kilitokea jana yake jioni, wakati umeme ulipokatika mtaa mzima.

Mlango haukuvunjwa. Funguo walikuwa nazo watu wawili tu: Nirali, mama mwenye duka, mjukuu wa huyo Chandu wa kwenye kibao, na Twaha, mchapaji wake.

Nje, Kariakoo ilikwisha kuhukumu. Wauza soksi na wabeba mizigo walijazana mlangoni, na habari ilishafika Mchikichini kwamba Mhindi kamuua mshairi. Mji huu hauna dogo; ukikohoa Gerezani, Ilala wanakuandalia matanga.

Isidori aliitandaza kanga mezani. Ilikuwa nyekundu yenye pindo jeusi na korosho kila pembe. Katikati paliandikwa: MWANGA WA NYUMBA HULIJUA ALALAYE NDANI.

Aliyasoma maneno yale, akayarudia, na mgongo ukamwasha. Isidori alikulia Songea, na Kiswahili alifundishwa na mwalimu mwenye fimbo ya mpera. Kila ngeli aliyoikosea ilimwachia alama. Mwanga huujua. Hiyo "hulijua" ilikuwa inataka neno jingine, neno lenye "la".

"Mshairi hakosei hivi," alimwambia koplo wake, Eliasi. "Kuna neno limeng'olewa hapa, likapachikwa jingine. Aliyelipachika aligeuza 'la' ikawa 'wa', akasahau kubadili kitenzi."

Koplo aliitazama kanga, akatikisa kichwa, akasema yeye ngeli alizikimbia darasa la sita.

Nirali alihojiwa dukani, katikati ya majora, macho yamemvimba kwa kulia. Alieleza kwamba Fikirini alikuwa mkimbizi kutoka Visiwa vya Ungamo, ambako hakuna wimbo wala mchezo wa jukwaani unaotoka bila muhuri wa serikali. Kwao alikatazwa kutunga. Hapa akaanza kutungia kanga, na wafanyabiashara wakazivusha bandarini ndani ya marobota ya nguo nyingine, hadi zikafika mabegani mwa wanawake wa Ungamo. Vitisho vilishaanza. Nirali mwenyewe alipigiwa simu na mtu asiyejitaja, akaambiwa mzigo wake utachomwa.

Kwa hofu ya wapelelezi wa kwao, Fikirini hakuwa akiyaandika maneno yake popote. Alimnong'oneza mchapaji, mchapaji akakata herufi kwenye fremu, kisha mwenyewe akaja kuikagua sampuli. Fremu ya safari hii ililala dukani kwa Nirali ikikauka. Hilo Nirali alilisema bila kuulizwa.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapo nje kwenye ngazi, namsubiri dereva. Umeme ukakatika, giza totoro, hata kufuli sikuliona. Twaha nilimwacha ndani."

Twaha alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, vidole vyekundu kwa rangi. Alisema kwao ni Pangani.

"Mzee alikuja jana?"

"Hakuja, afande. Mwanga ulipoondoka nikafunga, nikaenda zangu Buguruni."

"Haya maneno nani aliyabadilisha?"

"Mimi nachapa ninachopewa. Fremu ililala kwa mama Nirali."

Alama za vidole hazikusaidia. Kwenye chuma zilikuwepo za Twaha na za Nirali, na wote wawili walikishika kila siku ya kazi.

Bosi wake Isidori aliposikia habari ya ngeli, alicheka hadi akashika meza.

"Umeshajijibu, Komba. Mhindi na ngeli wapi na wapi? Katishwa, kaogopa mzigo wake, kabadilisha neno, mzee kaja juu, kampiga. Mfunge."

Nirali akatiwa mahabusu. Isidori alitoka pale ana hasira ya kumeza moto. Mama yule alizaliwa mtaa uleule, na mchuuzi akimzibia mlango anamtukana kwa Kiswahili kisicho na kosa hata la koma. Lakini kesi ya mauaji haina dhamana. Angeozea rumande, duka la babu yake likifungwa, na Kariakoo isingesubiri hukumu kumwita muuaji.

Alikwenda matangani, Magomeni, kwa mjane. Maimuna alikaa kwenye jamvi. Isidori alimpa pole, akavua viatu, akakaa naye. Alimwuliza kama mumewe alimwambia maneno ya kanga ile mpya. Hakumwambia. Lakini Maimuna alimweleza mambo ya kwao, polepole, na kadiri alivyoeleza ndivyo chumba kilivyozidi kuwa kizito.

Mlezi Mkuu aliposhika nchi alitangaza Enzi ya Nuru. Ofisi ya Lugha Njema ikaanza na nyimbo za harusi, ikaingia kwenye ngoma za unyago, ikamalizia na kanga. Waimbaji waliokubali walipewa redio na nyumba. Waliokataa, kanda zao zilichomwa uwanjani, na watoto wa shule wakasimamishwa hapo kupiga makofi. Kisha neno moja likapigwa marufuku kabisa, kwa kuwa penye Nuru haliwezi kuwapo.

"Neno gani hilo, dada?"

Maimuna aligeuka kutazama dirishani kabla ya kujibu. Nje hapakuwa na mtu ila muuza mihogo.

"Giza," alisema kwa sauti ya chini. "Kule umeme ukikatika, tunaambiwa mwanga umeondoka. Mtoto akiteleza ulimi shuleni, babake anaitwa. Hata hapa, Fikirini alikaa muda mrefu kabla hajaweza kulitamka. Wengine hawawezi hadi leo. Wanalikwepa na wala hawajui kama wanalikwepa."

Giza la nyumba hulijua alalaye ndani. Ngeli ikakaa sawasawa, na Isidori akaona huruma kubwa, asijue bado anamhurumia nani. Alivaa viatu vyake akarudi kituoni, akaagiza Twaha aletwe.

Hakumpigia kelele. Alimpa kiti na maji, akamtaka asimulie tena ya jioni ile. Twaha akasimulia: mwanga uliondoka, akapapasa, akafunga.

"Ulipapasa kwa nini?"

"Hapakuwa na mwanga."

"Palikuwa na nini?"

Twaha akanywa maji.

"Mwanga ukiondoka, kijana, panabaki nini?"

"Panabaki... hapaonekani."

"Mtoto wa Pangani anajua panabaki nini. Mama Nirali alinitajia bila kuulizwa. Wewe nimekuuliza tangu asubuhi, hujalitaja hata mara moja." Isidori aliikunjua kanga mezani, akafunika neno la kwanza kwa kiganja. "Haya, isome kama ulivyonong'onezwa. Soma tu, hakuna anayekupiga."

Midomo ya Twaha ilifunguka, ikafumba. Alijaribu tena, sauti haikutoka. Kisha akauweka uso wake kwenye kitambaa kile, akalia kama mtu aliyefiwa.

"Mwacheni mama Nirali," alisema alipoweza kusema. "Mimi nimetoka Ungamo."

Isidori alimweleza haki zake, akavuta karatasi ya maelezo, akaanza kuandika.

Hakutumwa na mtu, Twaha alisema. Alikuja Bongo kutafuta maisha, akajiita wa Pangani kwa sababu watu wa Ungamo wakikutana ugenini kila mmoja humdhani mwenzake mpelelezi. Kazi kwa Nirali aliipata kwa mikono yake. Kanga ya kwanza ya Fikirini aliichapa yeye mwenyewe, nayo ilisema TUMENYAMAZA HATUJALALA, na moyoni alijisikia fahari. Kisha ikamjia simu. Mama yake alikuwa amekamatwa sokoni, kaivaa kanga hiyohiyo.

"Wakaniambia wanajua ninafanya kazi wapi. Wakasema kanga inayofuata ikija safi, mama anatoka. Ikija na uchafu, nisimtafute tena."

"Ndipo ukabadilisha."

"Neno moja tu, afande. Nilikata haraka, naogopa mama Nirali asiingie. Hicho kitenzi sikukiona kabisa."

Fikirini alikiona pale pale. Aliingia jioni kwa mlango wa uani, akaisoma sampuli, akamgeukia Twaha amtaje aliyemlipa. Hapo umeme ukakatika. Twaha akasema taratibu mzee, mwanga umeondoka, na Fikirini akamtambua kwa kauli hiyo.

"Alicheka. Hakunidharau, alifurahi. Akanishika bega, akasema, kumbe u wetu. Akaniambia nilitamke, hapa hakuna wa kunisikia. Nikamweleza habari ya mama. Nikapiga magoti, afande. Nikamwomba aliache lile neno kwa kanga hii moja tu."

"Akasemaje?"

"Akasema akilitoa yeye mwenyewe, basi Ofisi imeshamfuata hadi Kariakoo. Akasema mama yangu atakumbukwa kama shujaa." Twaha alijifuta uso kwa mkono mwekundu. "Yeye anatunga yuko huku, anakula, analala. Wanaofungwa wako kule. Sikutaka ushujaa, nilitaka mama yangu. Mkono ukakutana na chuma. Baadaye nikampapasa, nikaona hapumui. Nikachukua nguo iliyokuwa karibu nikamfunika, maana sikuweza kumwacha wazi vile."

Kalamu ya Isidori ilisimama. Ofisini kwa bosi simu ilikuwa inaita na hakuna aliyeipokea. Alimtuma koplo akamfungulie Nirali, akamsikia mama yule akipita koridoni akiuliza, kwa ukali wa Kiswahili chake cha Kariakoo, ni nani atakayemwomba radhi.

"Kanga itasafiri, afande?" Twaha aliuliza. "Iko safi sasa. Ikifika, watamwachia."

Isidori angependa kumdanganya. Aliikunja kanga polepole, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Haiendi popote. Hii sasa ni mali ya mahakama. Na Maimuna hatakubali nyingine ichapwe bila neno la mumewe."

Twaha aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia. Isidori alimwuliza, kwa kuwa fomu ilihitaji na kwa kuwa alitaka kujua, kama mama naye alikuwa mtu wa siasa, hata akavaa maneno yale hadharani.

"Mama hajui kusoma," Twaha alisema. "Jirani yake aliniambia aliipenda rangi. Alimwuliza muuzaji imeandikwa nini, muuzaji akaogopa kumsomea. Akamwambia, haijaandikwa kitu, bibi, ni maua tu."