Malengelenge ya Akech

Kila asubuhi, nyumbani kwao katika mtaa wa Mowlem, Benta humpaka bintiye Akech mafuta kabla ya kumpeleka shule ya nasari. Akech ana miaka minne na ana ukurutu. Ngozi yake hukauka na kuwasha, na akijikuna huchubuka.

Jumapili moja jirani yao Triza alimkuta Akech akicheza kwenye ngazi, mamake akiwa kando. "Aki Mama Akech, ngozi ya huyu mtoto siku hizi imekuwa poa!"

Benta akamwingiza mtoto ndani. Sifa kama hizo humtia wasiwasi, kwa kuogopa jicho baya.

Jumatano Akech aliamka na homa. Shavuni palikuwa na malengelenge madogo, yamesongamana, yote saizi moja. Benta akamzidishia krimu ya ukurutu. Kesho yake yalikuwa yamepasuka na kuacha vidonda vya mviringo vyenye maumivu. Mengine mapya yalikaribia jicho.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Benta alinong'ona, akiutazama mlango wa Triza. Huyu alimtia mtoto jicho baya, hakuna mwingine.

Mara Triza akabisha. "Nimesikia mtoto akilia."

"Umekuja kuangalia kazi yako?"

Triza alishangaa. Lakini alipomwona Akech, alisahau kukasirika. "Mama Akech, nichukie ukitaka. Hii si ukurutu. Twende hosi sasa hivi."

Hospitalini, daktari Nabiswa alimkagua Akech, kisha akamtazama Benta.

"Mama, hicho kidonda mdomoni ni cha lini?"

"Hiki? Ni kidonda cha homa tu, kilinitoka wiki jana."

"Umembusu mtoto?"

"Kila siku, daktari."

"Kidonda hicho kina virusi. Kwako ni kitu kidogo. Lakini ngozi yenye ukurutu ina nyufa, na virusi huingia na kusambaa haraka. Krimu yake haiwezi kuviua. Anahitaji dawa ya virusi leo, si kesho. Vikifika ndani ya jicho, anaweza kupofuka."

Benta alilia kwa uchungu na aibu.

Akech alilazwa, akapewa dawa iitwayo asaiklovia, na macho yake yakapimwa. Yalikuwa salama. Baada ya siku chache homa ilishuka na vidonda vikaanza kukauka.

"Nisamehe, Triza. Nilidhani ni jicho lako."

"Jicho langu!" Triza akacheka. "Na ndilo hilo hilo lililoona kwamba hii si ukurutu."

Siku hizi Akech akitaka busu, Benta hujitazama mdomo kwenye kioo kwanza.