Vinny Anangoja Mulot

Probox ilikuwa inatembea vibaya.

Ilitoka Kericho kama gari la miraa, ikapita lori la chai kwenye kona ambako hakuna dereva mwenye watoto angepita, ikateremka kuelekea Litein huku ukungu bado umekalia majani. Nyuma yake Joab Owiti alikuwa amelala juu ya tangi la Yamaha, kidevu kikigusa chuma.

Redio ya Motorola ikakohoa ndani ya koti.

"Kilele kwa Majani. Mtoto yuko ndani?"

"Sijui, madam. Vioo ni vyeusi."

"Usipige risasi."

"Nasikia."

Kilele ni Bonareri, mkubwa wake polisi, ameketi Nairobi mbele ya ramani; Majani ni yeye Owiti. Mtoto ni Esnah, msichana wa darasa la saba. Asubuhi hiyo mamake, Chepngeno, alirudi kutoka kukamua akakuta kitanda kimetandikwa na mlango wa nyuma uko wazi.

Esnah alikuwa na rafiki kwenye simu. Jina lake Vinny. Vinny alisema yeye pia ni msichana, mkimbiaji, yuko kambi ya mazoezi ambako mtu hupewa viatu na kusomeshwa ng'ambo. Alituma picha za medali. Halafu akaomba picha moja. Halafu nyingine ambayo si ya kuonyesha watu. Halafu akaacha kuomba. Akaanza kuamuru. Usipokuja, alisema, hizi picha zitafika kwa mwalimu, zifike kwa pasta, zifike kwa mama yako akiwa kwa majani ya chai.

Vinny hakuwa msichana.

Kitengo chao cha polisi kilimjua. Ni mzungu mmoja, Brandt, aliyekodi nyumba katikati ya mashamba ya chai akisema anaandika habari za ndege wa porini. Mara mbili alikuwa amefikishwa kortini. Mara ya kwanza wakili wake akasema simu ilifunguliwa bila amri. Mara ya pili akasema kumwandikia mtoto maneno si tendo, ni maneno tu. Mara zote mbili Brandt alitoka akifunga vifungo vya koti, akasalimia askari wa mlangoni.

Kukaza hiyo sheria kulikuwa kumesemwa miaka. Wakubwa wameupeleka mswada Mombasa semina, wakaupeleka Naivasha semina, wakala juu yake, wakalala juu yake. Umetembea kuliko mtalii. Haujafika tu kwa wenye watoto.

Owiti akafungua mafuta.

Karibu na kituo cha kupimia chai alikuwa ameshafika ubavuni. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakajivuta nyuma na vikapu vyao. Akatupa mkanda wa misumari mbele ya tairi. Probox ikapiga mluzi, ikayumba, ikaingia kwa chai mpaka kwenye milango.

Akafungua nyuma, bastola ya Ceska mkononi.

Sweta ya shule. Simu ya Tecno, bado inawaka.

Mtoto hakuna.

Dereva alikuwa kijana mnono mwenye jino la fedha. Hakuogopa hata kidogo. "Nilipewa nipeleke simu Sotik, afande," akasema. "Kubeba simu ni kosa gani?"

Kwa sheria tulizo nazo, hakuwa amekosea.

Owiti akaita Nairobi. "Walijua tunafuata simu ya mtoto, madam. Nani aliambiwa?"

Bonareri akasema, kwa sauti ya mtu anayetazama mlango wake kama umefungwa, kwamba nje ya Kitengo aliyeambiwa ni mmoja tu: Kiptanui, mwenyekiti wa kamati ya kulinda watoto. Ilibidi aambiwe. Ndivyo utaratibu ulivyo. Na mchana huo huo alikuwa na mkutano Siongiroi, wa kuchukua maoni ya wananchi juu ya mswada.

"Usimguse," akasema. "Ana watu."

"Mimi nataka mtoto mmoja tu, madam."

* * *

Siongiroi walikuwa wamejengewa hema kubwa jeupe. Viti vya plastiki, soda za kreti, fulana zilizoandikwa LINDA MTOTO. Bwana mmoja kutoka Nairobi alisoma vifungu kwa Kiingereza, karatasi juu ya karatasi, na wazee wakatikisa vichwa kwa adabu kama watu wanaosikia mvua.

Hakuna aliyemtazama fundi wa spika. Owiti alikuwa ameiomba hiyo kazi alipofika tu, kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu Owiti wa kufunga nyaya ni wengi na hakuna mkubwa anayewahesabu kuwa watu. Alikuwa ameinama nyuma ya jukwaa, waya mdomoni.

Chepngeno akasimama. Alikuja vile alivyo, na aproni ya nailoni ya kuchumia chai, matope kwa magoti.

Akapewa maikrofoni. Akaishika kwa mikono miwili.

"Mtoto wangu ametoka leo asubuhi," akasema. "Nimeenda kwa polisi, wameniambia ningoje. Nimeenda kwa chifu, ameniambia nije hapa. Sasa mimi nauliza, hii sheria yenu, itafika leo?"

Hema likamgeukia. Hata watoto wa soda waliweka chupa chini.

Kiptanui akainuka polepole, suti ya kijivu, pini ya bendera kifuani. Akatabasamu vile wanavyotabasamu wakitaka kura. "Pole sana, mama. Lakini leo tunazungumzia mswada. Taja kifungu. Unaongea kuhusu kifungu gani?"

"Kifungu ni nini?"

Watu wachache walicheka. Si wengi. Maikrofoni ikachukuliwa mkononi mwake, ikapewa mwingine aliyesifu serikali kwa soda baridi.

Owiti akauma ile waya mpaka shaba ikatokea.

Punde Kiptanui akaja nyuma ya jukwaa na mtu anayeitwa Kiplimo, dereva wa lori lililoleta hema na viti. Wakasimama karibu na spika, karibu na Owiti, kama anavyosimama mtu karibu na mbuzi. Kiplimo akauliza kwa Kikipsigis kama huyu anasikia. Kiptanui akacheka kwa pua. Akasema huyo ni Mjaluo wa ziwani, na wa ziwani hata akae hapa mpaka azeeke, ukimsalimia chamgei anakujibu habari yako.

Halafu wakaongea.

Kosa hilo watu wa huku hulifanya kila siku. Hawakujua Owiti alizaliwa kwa laini za kampuni, nyumba za mabati za wachuma chai, mlango ukitazama mlango wa mama mmoja Mkipsigis. Mamake alipokufa, mama huyo ndiye aliyemlisha mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwa kibuyu chake. Kikipsigis ndicho Owiti alicholilia akiwa mdogo. Ndicho alichochapiwa. Jina la Owiti lilikuwa tu la kuandikia.

Aliendelea kukunja waya.

Mwenyekiti alisema lakwet, yaani yule mtoto, amelala ndani ya lori, chini ya turubali. Amekunywa kitu kwa soda, ataamka jioni. Lori lina karatasi ya serikali kwa kioo, hakuna kizuizi kitalisimamisha. Mzungu yuko Mulot, ng'ambo ya daraja, Land Cruiser ya kijani. Wampe, waondoke. Mbele ya hapo ni Narok, nyanda, na ndege ndogo inayotua kwa nyasi.

"Nenda sasa," akasema Kiptanui, akamrudia bwana wa Nairobi akimsifu kwa Kiingereza.

Lori likaondoka.

Mkutano haujaisha, chakula hakijapakuliwa, watu bado wamekalia viti, na lori la kubeba viti linaondoka. Hakuna aliyeona ajabu. Likishakuwa la serikali, hata likibeba nini, watu husonga lipite.

Owiti akaita Nairobi akikimbilia pikipiki. Bonareri akamsikiliza mpaka mwisho.

"Waranti?"

"Sina."

"Basi ngoja. Natafuta hakimu."

"Yuko wapi?"

Akasikia mwanamke huyo akivuta pumzi. "Semina," akasema Bonareri.

Owiti akazima redio.

* * *

Lori liliifuata barabara kubwa. Yamaha ikakata ndani ya mahindi, njia za ng'ombe, mito miwili bila daraja, miiba ikimchana mikono. Alipotokea kwenye lami ya Narok, alikuwa mbele. Vumbi la lori lilionekana kwa mbali likija bila haraka, kama kitu chenye haki ya kuja.

Mulot ilikuwa siku ya mnada. Ng'ombe kila mahali.

Ng'ambo ya daraja, chini ya mgunga, Land Cruiser ya kijani. Ndani yake mtu mmoja, kofia, miwani, simu mkononi. Anaandika. Hata wakati huo alikuwa anaandika.

Owiti akamwendea mzee mmoja mwenye fimbo, akamsalimia kwa Kikipsigis, chamgei, kama inavyosalimiwa. Hakumdanganya. Akamwambia kuna mtoto wa watu ndani ya lori linalokuja, na mwizi wake yuko pale mtini, na karatasi ya kumzuia hakuna. Yeye anaomba ng'ombe wakae barabarani.

Mzee akamtazama usoni. Hakuuliza kitambulisho.

"Wangu ni wale wekundu," akasema, akapiga mluzi.

Wekundu wakaingia darajani. Wenye mifugo wengine wakaona, wakaswaga wao pia bila kuambiwa sababu. Lori la Kiplimo lilipofika lilikuta bahari ya migongo na pembe. Likapiga honi. Ng'ombe wa mnada hajui honi.

Owiti alikuwa ameshasimama ubavuni mwa turubali, kofia ya mfanyabiashara kichwani, kamera ndogo ya kalamu mfukoni mwa shati. Mkono wake ungefika kwenye kamba. Angeweza kufungua sasa hivi. Na akifungua, mtu wa miwani angegeuza gari, angekunywa chai Narok, na kortini wangeuliza tena: alitenda nini? Aliandika tu.

Basi akangoja.

Hapo ndipo walipomfikisha wakubwa na semina zao. Mtu mzima, mwenye bastola, anasimama kando ya mtoto aliyeibwa na kungoja mkono wa mwizi umguse kwanza, ndipo ubaya uitwe ubaya.

Mtoto alikohoa ndani.

Owiti hakusogea.

Brandt akachoka kungoja. Akashuka, akaja kwa miguu kati ya ng'ombe, akiwasukuma kwa kiganja. Shingoni alikuwa amening'iniza viatu vya kukimbilia, vipya, vya waridi, vimefungwa kwa kamba zake. Akafika. Akafungua turubali kama mtu anayefungua chandarua cha mwanawe.

"Esnah," akasema, kwa Kiswahili cha kujifunza. "Mimi ndiye Vinny. Shuka, twende."

Mkono wake ukashika mkono wa mtoto.

Ceska ikagusa nyuma ya sikio lake.

"Mwachilie kwanza," akasema Owiti. "Halafu urudie jina."

Kiplimo aliruka na chuma cha jeki. Hakufika mbali. Fimbo za Mulot ni za mkuyu na zina mazoea, na kabla Owiti hajageuka dereva alikuwa amelala kati ya kwato akiomba maji. Kazi ngumu ilikuwa kumkinga mzungu. Owiti alimweka mgongoni mwake, kofia imeshamwanguka, akawaambia wenye fimbo kwamba huyu akifa hapa atakuwa marehemu mwenye jina zuri, na yeye anamtaka hai, mbele ya hakimu, na ile sauti yake iliyonaswa na kalamu.

Wakarudi nyuma. Kwa shingo upande.

Kiptanui alifika na gari mbili, moja la polisi, na kijana wa kupiga picha. Habari ilikuwa imemfikia nusu: mtoto amepatikana Mulot. Nusu nyingine hakuingoja. Wakubwa hawawezi kuona picha ikipigwa na wao hawamo. Akapita kati ya watu akinyoosha mkono kutoka mbali, kamati yangu imefanya kazi, kamati yangu imefanya kazi, mpaka akamfikia yule fundi wa spika.

Owiti akaupokea ule mkono. Akaufunga pingu.

"Waranti yako iko wapi?" akauliza Kiptanui, sauti ikiwa chini.

Owiti akamjibu kwa Kikipsigis. Akamrudishia maneno yote ya nyuma ya jukwaa, lakwet na soda na ndege ya nyasi, na kile kicheko cha pua akakitia mahali pake. Kila mwenye fimbo alisikia. Mwenyekiti akaangalia nyuso zile, akaingia mwenyewe ndani ya gari la polisi, haraka.

Chepngeno aliletwa na boda. Hakulia mbele za watu. Alimfunika Esnah kwa aproni yake, matope na yote, akaketi naye chini kwenye nyasi.

Simu ya Brandt ilikuwa juu ya boneti ya Land Cruiser. Owiti akawasha redio.

"Usiiguse hiyo simu," akasema Bonareri. "Bila amri wataitupa tena. Amri ni Jumatatu."

"Sijaigusa, madam."

Simu ikalia. Kioo kikawaka chenyewe.

*Vinny nimefika Chebunyo stage. Uko wapi?*

Na picha ndogo ya mtoto mwingine, sare ya shule, meno ya mbele bado makubwa kuliko uso.

Ikazima. Ikawaka tena. *Vinny?*

Owiti akakitazama kile kioo, kisha akaitazama barabara ya Chebunyo. Esnah alikuwa ameinuka kutoka kwa aproni, akasogea mpaka kwenye boneti, macho bado mazito. Alikuwa amesoma pia.

"Ukimpata," akasema, "mwambie Vinny ni mzee. Ana upara."

"Nitamwambia."

Akavaa helmeti. Redioni Bonareri alikuwa akiuliza anaenda wapi, kwa ruhusa ya nani. Ng'ombe walikuwa wameshaanza kutoka darajani. Owiti akapiga teke pikipiki, akapita kati yao polepole, asimguse hata mmoja.