Pindo la Gauni la Kidoti

Asubuhi hiyo gauni la kijani lilikuwa limelowa pindo. Lilikuwa palepale msumarini, fundi cherehani alipolitundika baada ya kumzika binti yake, Kidoti. Nje hakukuwa na mvua.

Alikuwa amelishona kwa pindo pana, alifumue kidogo kidogo mtoto anavyorefuka. Kidoti mwenyewe alisaidia, akifunga mafundo matatu mwishoni ili uzi usitoroke. Wiki iliyopita, Kidoti akiwa tayari kaburini, mikono ya fundi ilifanya ilivyozoea: ikalifumua pindo. Mumewe, mwashi, alimwona. Alichukua kopo, akaitilia cherehani ya mkewe mafuta.

Tangu hapo nyumba ilinuka udongo mbichi. Pedali ya cherehani ilijikanyaga mchana kweupe. Na mdogo wake Kidoti, mtoto mchanga, alikataa kunyonya.

"Kidoti yupo humu," fundi alinong'ona.

"Tulimzika, mama watoto."

"Najua tulimzika. Na yupo."

"Ukuta umenyooka au haujanyooka. Hakuna cha tatu."

"Basi njoo unuse hili gauni, halafu uniambie huo ukuta wako umenyooka."

Mwashi alinusa. Jioni akamleta mganga, mama mmoja mpole aliyevua viatu kimyakimya asimwamshe mtoto.

"Umemzika, na bado unamfumulia pindo," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Hapo katikati ndipo jini amepata pa kukaa. Anakula uhai wa huyu mdogo. Sema moja, binti yangu. Yupo, au hayupo."

Fundi akasimama mbele ya gauni, mtoto mikononi akiwa mwepesi kama kipande cha kitambaa, na pedali ikaanza polepole, kisha mbio, na harufu ya udongo ikamjaa hadi kwenye meno, na gauni likajaa mabega, likajaa tumbo, na sauti ileile ya Kidoti yenye kithembe ikasema, "Mama, nipime," na vidole vyote vya fundi vikataka kushika utepe wa kupimia, lakini mtoto mikononi akavuta pumzi moja, akakawia kuvuta ya pili, ndipo fundi akasema:

"Mwanangu amekufa."

Pedali ikasimama. Gauni likanywea.

"Haya, mama," sauti ikajibu, bila hasira.

Mtoto akalia, akanyonya kwa pupa. Mganga akamfunika fundi mabega kwa mtandio wake mwenyewe, akaenda zake bila mtandio.

Asubuhi, pindo la gauni lilikuwa limekunjwa tena hadi alama ya zamani, likashonwa kwa mkono, mishono mirefu ya mtoto anayejifunza. Mwishoni kulikuwa na mafundo matatu.

"Baba Kidoti," fundi alisema, "nimemfukuza nani?"

Mwashi aliyagusa mafundo moja moja. Akafungua mdomo aseme neno lake la siku zote la ukuta, likamshinda. Akaketi sakafuni, akalipakata gauni.