Mnunuzi wa Parachichi

Jumatano jioni Gesare alikuwa akikata majani ya ng'ombe karibu na lango lao huko Gesima, mgeni mmoja alipomsimamisha. Alibeba gunia tupu, akasema ananunua parachichi. Lakini miti ya parachichi hakuitazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye dirisha, kwenye mlango, na kwenye waya wa televisheni.

"Nyinyi ni Wasabato?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Jumamosi hutoka kanisani saa ngapi?"

"Saa kumi. Huwa tunaenda sote."

Maneno hayo yalipomtoka, Gesare akajuta. Mnunuzi gani huyu asiyetaja bei? Alimfuata kwa macho, akamwona akisimama kuzungumza na jirani yao, Mzee Onyancha, wakicheka kama watu wanaojuana. Shaka ikamwingia. Pengine Onyancha ndiye aliyemtuma! Hata hivyo hakumwambia mtu, kwa kuwa aliogopa kugombezwa kwa domo lake.

Jumamosi asubuhi nyanya yake, ambaye kwa Ekegusii alimwita Magokoro, aliamka na mguu uliovimba. Mama akaenda kanisani na watoto wadogo, Gesare akabaki kumwangalia mgonjwa. Hakutulia hata kidogo. Kila mbwa wa jirani alipobweka, alichungulia dirishani. Mara ya nne aliona lango likifunguliwa polepole. Yule mnunuzi aliingia, safari hii bila gunia. Mkononi alishika panga.

Gesare alilirukia shoka la kupasulia kuni lililokuwa nyuma ya mlango.

"Liweke chini!" Magokoro alinong'ona. "Funga komeo, uje huku chumbani."

"Magokoro, atatuua!"

"Ndiyo maana nakwambia uje."

Walijifungia chumbani, wakasukuma kitanda hadi mlangoni. Gesare alijaribu kumpigia Mama, lakini simu yake ilikuwa imezimwa kwa ajili ya ibada. Panga lilianza kugonga mlango wa mbele. Dirisha la chumba hicho lilielekea shamba la chai la Mzee Onyancha. Yeye alikuwa Mkatoliki, na Jumamosi ilikuwa siku yake ya kuchuma chai.

"Mwite Onyancha," Magokoro alisema. "Piga mayowe!"

"Huyo? Si ni mwenzake?"

"Nani amekwambia?"

Mbao za mlango zilipasuka. Alifungua dirisha akapiga mayowe mpaka koo likamuuma. "Mzee Onyancha! Mwizi! Ana panga!"

Kisha alimsikia Onyancha akiwaita wachumaji wake, nao wakaitikia kwa mayowe kutoka kila upande wa shamba. Sebuleni, nyayo za mwizi zilisita, halafu zikatoka mbio. Walimkamata kwenye barabara ya chini. Mzee Onyancha aliwakataza watu wasimpige, akampigia chifu simu, na polisi wakaja kumchukua.

Mama aliporudi, Gesare alieleza kila kitu huku akilia, hata jinsi alivyomshuku jirani. Aibu ilimjaa. Mzee Onyancha akatikisa kichwa.

"Mimi nilimwona akiongea nawe langoni, nikadhani ni mgeni wenu," alisema. "Nilipomuuliza, akaniambia yeye ni mjomba wako. Sikumwamini sana, lakini nami nikanyamaza. Tumekosa sote. Kuanzia leo, Jumamosi mkienda kanisani nitaangalia kwenu, na Jumapili tukienda misa mtaangalia kwetu."

Mama alikubali na kumshukuru. Gesare aliutazama mlango uliovunjika.

"Magokoro, ningekueleza tangu Jumatano. Sasa mlango wako umeharibika."

Magokoro alimvuta karibu. "Siku nyingine ukishuku jambo, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo, hata kama utagombezwa. Na mtu mwenye silaha usipigane naye. Ukiweza kukimbia, kimbia. Usipoweza, jifungie upige mayowe. Lile shoka angekunyang'anya, mjukuu wangu. Mlango huu fundi atautengeneza kesho. Wewe ningekupeleka kwa fundi gani?"