Hotuba Iliyopigiwa Makofi

Kila Alhamisi, kengele ya mwisho ilipolia, Zornitsa hakukimbilia nyumbani kama wenzake wa darasa la saba. Alimaliza kipande chake cha mkate kilichopakwa rojo la pilipili hoho, akapangusa vidole, kisha akapanda ngazi hadi maktaba, ambako Klabu ya Wasemaji ilikutana. Wanachama walikuwa tisa tu. Mlezi wao alikuwa Mwalimu Mitev, aliyefundisha historia.

Utaratibu wa klabu ulikuwa rahisi. Mmoja alisimama akahutubia kwa dakika tano, halafu wenzake wakampa mrejesho, yaani wakamwambia walivyomsikia ili aongee vizuri zaidi siku nyingine. Shida ilikuwa hapo kwenye mrejesho. Kapka, rafiki wa Zornitsa waliyeketi naye dawati moja, alikuwa na jibu moja kwa kila mtu: "Nzuri sana! Imenigusa!" Lyuben naye, mvulana mrefu mwenye ulimi mkali, alipenda kuchekesha watu. Mara ya mwisho alimwambia msichana wa darasa la sita, "Umenguruma kama friji bovu." Msichana yule hakurudi tena.

"Kapka, wewe umegawa pipi. Lyuben, wewe umegawa makofi ya shavuni," Mwalimu Mitev aliwaambia siku hiyo. "Sasa nani kampa mwenzake kitu cha kufanyia kazi?"

Waliinamisha vichwa, kisha wakasahau.

Vuli ile mvua ilinyesha siku kumi na moja bila kupumzika. Kijiji chetu cha Vrabets kiko bondeni, na juu yake kuna bwawa lililozuiwa na tuta refu la udongo. Kila asubuhi watu walifungua madirisha, wakatazama juu kwenye tuta, wakafunga madirisha. Vyura walikuwa wamenyamaza. Bata wa mtaa wa chini, ambao siku zote walishinda kijitoni, sasa walijikusanya kwenye ngazi za nyumba na hawakukubali kufukuzwa.

Bibi yake Zornitsa, Bibi Vasilka, alikuwa mlinzi wa bwawa lile kwa miaka ishirini na minane. Yeye ndiye aliyefungua na kufunga lango la maji, na alilijua tuta hilo kuliko mtu yeyote. Lakini miaka miwili nyuma alipasuliwa koo, na tangu hapo sauti yake haikuzidi mnong'ono. Alipotaka kusema jambo refu aliliandika kwenye daftari dogo.

Jumapili alimchukua mjukuu wake hadi chini ya tuta. Nyasi za pale zililowa kwa namna ya ajabu, zikizama chini ya buti. Maji yalibubujika kutoka kwenye tundu lisilozidi ukubwa wa sahani. Bibi Vasilka alichota kiganja, akayatazama, akayamwaga. Akatoa daftari akaandika: *Maji safi kuvuja ni kawaida. Haya yana tope. Tuta linaliwa kutoka ndani.*

"Bibi, tuwaambie watu!" Zornitsa alisema.

Bibi aliandika tena: *Nimepeleka barua mbili kwa wakuu wa bwawa. Wanasema mtaalamu atakuja mvua ikiisha. Nikipiga simu hawanisikii, wanakata. Ijumaa kuna mkutano wa kijiji. Niongelee wewe.*

Zornitsa alikesha na karatasi. Alitaka hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Alhamisi aliisoma mbele ya klabu huku ndoo zikidaka matone koridoni. Mwalimu Mitev alikuwa huko nje akihamisha ndoo, hivyo hakuisikia.

"Maji ni uhai," Zornitsa alianza. "Maji ni kioo ambamo mbingu hujitazama..." Aliendelea kuhusu mapambazuko, maua, samaki na mashamba ya mahindi. Kwenye dakika ya nne ndipo alipofika kwenye tuta, nalo alilisema hivi: "Na leo ardhi yetu inalia machozi ya kahawia." Akamaliza kwa shairi.

Nyumba ya kina Kapka ilikuwa ya kwanza mtaa wa chini, karibu kabisa na tuta, na Kapka alikuwa na swali moja ulimini: hayo machozi ya kahawia ni nini hasa? Lakini alimwona rafiki yake amesimama na mashavu mekundu, akisubiri. Swali likarudi tumboni.

"Nzuri sana! Imenigusa," alisema.

"Mimi imenilaza," Lyuben alidakia. "Maua, samaki, maua. Ulikuwa unauza pazia?"

Wengine walicheka. "Wivu unakusumbua wewe," Zornitsa alimjibu, akakunja karatasi yake bila kubadilisha hata neno.

Ijumaa saa nane mchana ukumbi wa kijiji ulijaa makoti yenye unyevu. Ajenda ya kwanza ilikuwa taa za barabarani, ya pili paa la ukumbi. Katikati ya hizo mbili meya alimruhusu Zornitsa aongee. Sauti yake ilifika hadi viti vya nyuma. Hakukosea hata mstari, na alipomaliza makofi yalipigwa kwa muda mrefu.

"Kumbe tuna washairi!" alisema meya akifuta miwani. "Asante, binti. Sasa, paa letu..."

Bibi kizee mmoja alimvuta Zornitsa mkono. "Umeniliza, mwanangu. Umenikumbusha marehemu mume wangu, tulivyokuwa tukivua samaki pale bwawani."

Zornitsa aligeuka kumtafuta bibi yake. Bibi Vasilka alikuwa kiti cha mwisho. Mikono yake ilikuwa mapajani. Yeye peke yake hakupiga makofi.

Hapo Zornitsa aliingiwa na wasiwasi. Alimshika mkono Kapka, aliyekuwa ukumbini pia, wakatoka hadi kwenye chumba cha kutundikia makoti.

"Niambie kweli. Umeelewa nini niliposema?"

"Kwamba... kwamba bwawa letu ni zuri."

"Kapka! Tuta linabomoka!"

Kapka alibadilika rangi. "Hukusema hivyo. Jana nilitaka kukuuliza, nikaona utahuzunika."

"Nyumba yenu ndiyo ya kwanza chini yake!"

"Ndugu yangu mdogo amelala pale sasa hivi," Kapka alisema taratibu, kana kwamba ndiyo kwanza analisikia mwenyewe.

Mwalimu Mitev na Lyuben walikuwa wamewafuata. Mwalimu alisikiliza habari ya tope, akauliza maswali mawili, kisha akatazama mlango wa ukumbi. "Wakianza na paa hawamalizi haraka. Tuna kama robo saa. Zornitsa ataongea tena. Mpeni mrejesho, na safari hii wa kweli."

Lyuben alifungua mdomo kwa mzaha wake, akaufunga. "Nisamehe kwa jana," alisema. "Nilikuwa na la maana, ila nilitaka wacheke. La maana ni hili: hukutaja tope hata mara moja. Ulisema machozi. Mtu hakimbii machozi."

Neno hilo lilimuuma Zornitsa, lakini lilikuwa kitu cha kufanyia kazi.

"Na ulipofika pale penye tuta ulishusha sauti ukatazama karatasi," Kapka alisema haraka. "Pia hukusema unataka tufanye nini. Ila sauti yako inafika nyuma kabisa, hiyo usiiache."

"Karatasi niiache?"

"Iache."

"Wataamini vipi?" aliuliza Mwalimu.

Lyuben alikuwa tayari amechukua chupa tupu ya kachumbari kwenye meza ya jiko la ukumbi. "Nina baiskeli, nawaletea hayo maji," alisema, akatokomea mvuani.

Dakika zile zilikuwa ndefu. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya meya akisoma bei za vigae. Chini ya sakafu ulisikika mlio mwingine, mzito, ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Lyuben aliporudi alikuwa amelowa hadi mfupa na midomo imempauka.

"Si tundu moja tena," alisema akihema. "Ni matatu. Na moja naweza kuingia mzima."

Zornitsa aliingia ukumbini moja kwa moja hadi meza ya mbele.

"Binti, umeshaongea, tena vizuri," meya alisema kwa upole. "Tuachie watu wazima tumalize."

Kule nyuma Bibi Vasilka alisimama. Hakuketi tena. Watu waligeuka mmoja mmoja kumtazama mlinzi wao wa zamani.

"Mpe dakika moja, Bwana Meya," alisema Mwalimu Mitev.

Zornitsa aliitua chupa juu ya makaratasi ya vigae. Maji yake yalifanana na chai ya maziwa.

"Mara ya kwanza niliongea vibaya," alisema. "Sasa nasema wazi. Haya maji yametoka chini ya tuta dakika tano zilizopita. Hili tope ni udongo wa tuta. Jumapili tundu lilikuwa moja, leo ni matatu. Bibi yangu amelilinda bwawa miaka ishirini na minane, na anasema tuta linaliwa kutoka ndani. Naomba mambo matatu. Watu wa mtaa wa chini wapandishwe shuleni sasa hivi. Lango la maji lifunguliwe. Na wewe, Bwana Meya, uwapigie simu zimamoto na wahandisi tukiwa hapa hapa tunakuona."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazama tope likizama polepole ndani ya chupa, unene wa kidole, kisha vidole viwili.

Genadi, dereva wa trekta, ndiye aliyesimama kwanza. "Mama yangu yuko mtaa wa chini," alisema, akatoka bila koti. Viti vikaburuzwa. Meya alikuwa tayari ameshika simu, akiwapigia zimamoto.

Walipanda bwawani wanaume sita na Bibi Vasilka katikati yao chini ya mwavuli. Gurudumu la lango lilikuwa limeshika kutu. Walipolizungusha kulia bibi aliwapiga mikono kwa daftari na kuwaonyesha kushoto. Lilipolegea, maji yalifoka kwenye mfereji unaokwepa kijiji kwa ngurumo iliyotikisa ardhi, na bwawa likaanza kushuka. Huko chini Kapka alikimbia mvuani akiwa amembeba ndugu yake mgongoni, na Lyuben akigonga kila mlango kwa ngumi: "Tokeni! Acheni vyombo, tokeni!"

Saa kumi na moja jioni sehemu ya tuta iliporomoka. Maji yaliyobaki yalishuka mtaa wa chini yakang'oa uzio wa kina Kapka, banda la kuku na mlango wa jiko, yakajaa hadi usawa wa madirisha. Watu mia moja na arobaini walisimama kwenye uwanja wa shule wakitazama, wakihesabiana, kisha wakihesabiana tena. Hakukosekana hata mmoja. Mhandisi aliyefika baadaye alisema kwamba kama lango lisingefunguliwa mapema, hata ukumbi wenyewe usingebaki.

Alhamisi iliyofuata klabu ilikutana koridoni, maana maktaba ilikuwa imejaa magodoro na blanketi zilizoanikwa. Kapka na familia yake walilala humo. Yule msichana wa darasa la sita alirudi pia, kwa sababu Lyuben alikwenda kwao kumwomba msamaha, na hakupeleka mzaha wowote.

Zornitsa alikuwa na jambo lililomsumbua. "Mwalimu, yale makofi ya kwanza niliyafurahia," alisema. "Hata sikujiuliza kama wameelewa."

"Wengi wetu tungeyafurahia," alijibu Mwalimu Mitev. Alikaa juu ya ngazi ili wote wamwone. "Sikilizeni, wanangu. Mwenzako akikusomea kazi yake, ameweka usalama wake mikononi mwako. Ukimsifu tu, umemwacha peke yake. Ukimdhihaki, umemwacha peke yake na umempiga pia. Mwambie kile kilichokufikia, kile kilichopotea njiani, na kitu kimoja cha kujaribu. Mwambie kwa upole, lakini mwambie kabla hajapanda jukwaani. Na wewe unayeongea, usiulize kama umependeza. Uliza wameelewa nini, kisha uvumilie jibu. Nami nina kosa langu: niliona mnavyopeana mrejesho nikaridhika kuwakemea mara moja. Ilinipasa niwafundishe."

Alimwita mzungumzaji wa siku hiyo. Alikuwa Kapka, na mada yake ilikuwa nyumba yao iliyojaa tope. Aliongea dakika tatu, akasimama akisubiri, vidole vikizungusha kifungo cha sweta aliyoazimwa.

"Mwanzo wako ulinifanya nione jiko lenu," Zornitsa alisema. "Katikati nilipotea, sikujua kama ni wewe au mama yako aliyemtoa mtoto kitandani. Jaribu kumtaja mtu kwa jina."

Kapka alitikisa kichwa polepole, akavuta pumzi, akaanza upya.