Aliyefungiwa Nje Lindenbach

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya misonobari Ottilie Dreher alipotoka kwa jirani yake Alwine, alikokwenda kurudisha mashine ya kujazia soseji. Asubuhi walikuwa wamechinja nguruwe, na mikono yake bado ilinuka vitunguu saumu na moshi. Alwine alimshikilia kwa chai ya majani machungu ya huko, yerba mate, na umbea mpaka maziwa yakaanza kumvuja kifuani. Binti yake Helma, kichanga bado, alikuwa amemwacha nyumbani na bibi yake mzaa baba, mumewe akiwa safarini.

"Kimbia, shoga," Alwine alimwambia mlangoni. "Na ukisikia kitu barabarani, hujasikia."

Ottilie alicheka. Alikuja kuolewa hapa Lindenbach kutoka koloni jingine la walowezi wa Kijerumani, na mambo ya Julai ya watu hawa aliyaona ya kizee. Kila Julai, baridi inapokaza, walifunga madirisha kabla giza halijaingia. Ukimuuliza mtu sababu, anakusimulia habari za waasisi: walivyotoka Ujerumani kwa meli, wakashushwa kwenye msitu huu wa kusini mwa Brazil, wakalala wote banda moja majira ya baridi ya kwanza, wakafyeka, wakajenga kanisa. Watu watakatifu. Majina yao yalichongwa kwenye jiwe pale uani mwa kanisa.

Sababu yenyewe hakuna aliyeitaja.

Alifika kwenye kona ya msitu.

Ko... ko... ko...

Viatu vya mbao. Nyuma yake.

Akasimama. Vikasimama. Akatembea. Vikatembea. Kisha harufu ikamfikia: kuni mbichi, na nguo zilizolala na maji.

"Dada..." Ilikuwa sauti ya kunong'ona, kwa Kijerumani cha zamani, cha mabibi. "Dada, wamewasha wapi moto?"

Ottilie akakaza mwendo, hatua nazo zikakaza. Akatimua mbio. Kwenye nyumba ya kwanza dirisha lilifunguka kidogo, kisha likabamizwa.

"Pita, Ottilie! Usituletee kwetu hilo!"

Kwake napo mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Ndani, Helma alikuwa akilia kilio cha njaa.

"Mama, fungua! Ni mimi!"

Halafu sauti ya Mathilde, mama mkwe wake, ikasikika karibu kabisa na mbao.

"Uko na nani?"

"Peke yangu!"

"Nimesikia viatu vya watu wawili."

"Mama, mtoto ana njaa!"

"Nitampa maji ya sukari. Wewe nenda zizini, mwanangu, ulale na ng'ombe. Asubuhi nitakufungulia. Usigeuke tu. Ndivyo tufanyavyo siku zote."

"Ni nani huyu? Niambie, la sivyo nauvunja huu mlango!"

Mathilde alivuta pumzi.

"Apollonia. Walikuja naye kwenye meli. Watoto walipoanza kufa kwa homa pale bandani, wakasema ni mchawi, ndiye anayewala. Wakamtoa nje na kichanga chake, kwenye barafu. Aligonga, akagonga... mpaka akaacha. Aliyeshika komeo ni bibi yangu."

"Na kwenye jiwe la kanisa, jina lake lipo?"

"Maswali gani hayo saa hizi? Nenda zizini!"

Hofu haikumtoka Ottilie. Ila hasira ilimpanda, ikaipita hofu.

Akageuka.

Aliyesimama nyuma yake alikuwa mwanamke mdogo wa umri, pengine mdogo kuliko yeye mwenyewe. Barafu ilimganda kwenye nyusi. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama majivu yaliyolowa. Kifuani alikumbatia furushi, na lile furushi lilikuwa likijipindapinda, likitoa sauti kama ya paka mchanga.

"Sina maziwa," alisema. "Yameganda."

Ottilie alikaa kwenye ngazi ya mlango wake. Akafungua vifungo vya gauni.

"Mlete."

"Ottilie!" Mathilde alipiga ukelele ndani. "Usithubutu! Utatuangamiza!"

"Mlimfungia yeye, leo mmenifungia mimi!" Ottilie akapaza sauti makusudi, nyumba zote zisikie. "Haya, sikilizeni! Mimi namnyonyesha! Anayeona vibaya atoke, aje aniambie usoni!"

Hakuna aliyetoka.

Apollonia akamwekea furushi kifuani. Mdomo wa kichanga ulikuwa baridi kama mnyororo wa kisima alfajiri. Ulinyonya kwa pupa. Baridi ikampenya kifuani hadi mgongoni, na Ottilie akafumba macho, akalia kwa maumivu, lakini hakumwondoa. Taratibu akahisi vidole vidogo vikipapasa ngozi yake.

Vilikuwa vikipata joto.

Alipofumbua macho alikuwa peke yake. Mlango ulifunguka. Mathilde alisimama pale na Helma mikononi. Ottilie alimchukua mwanawe, akampita akaingia ndani.

Tangu siku ile titi lake la kushoto, lile alilomnyonyeshea kichanga kile, halikupata joto tena, na Helma alilikataa kabisa. Mchungaji alikuja kumkemea. Ottilie akamwambia aandike kwanza jina la Apollonia kwenye jiwe. Mchungaji akakataa. Basi Jumapili, watu wakitoka ibadani, Ottilie alichukua patasi ya mumewe akalichonga mwenyewe, herufi zimepinda, kila mtu akitazama. Walinung'unika. Hakuna aliyethubutu kulifuta.

Julai nyingine ikaja. Mumewe alikuwa tena safarini kuuza tumbaku. Ottilie na Mathilde walikuwa wameketi karibu na jiko, Helma akisinzia mapajani mwa mama yake.

Ko... ko... ko...

Mathilde aliacha kufuma. Hatua zilizipita nyumba zote, zikaja moja kwa moja kwao. Na kando ya hatua hizo kulikuwa na sauti nyingine. Miguu mitupu. Midogo. Inakimbia kidogo, inasita, inakimbia tena, kama ya mtoto anayejifunza kutembea.

"Kile kichanga..." Mathilde alinong'ona. "Kimekua."

Maziwa ya Ottilie yalikuwa yamekauka miezi mingi. Lakini sasa gauni lake lililowa upande wa kushoto, baridi kabisa.

Kitu kikagonga mlango, chini, karibu na sakafu.

Mathilde akamshika mkono. "Usifungue, mwanangu, nakuomba. Hatujui sasa kinataka nini."

"Hata mimi sijui," Ottilie alisema. Akamkabidhi Mathilde mtoto, akasimama, akaondoa komeo.